Rongai Nyingine: Dizeli, Mafuta Taa na Pampu Isiyosamehe

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba kwenu ni Rongai, na mara moja atakuuliza unapandia matatu wapi. Anawaza Ongata Rongai: nganya zilizochorwa, muziki wa kupasua masikio, foleni ya Magadi Road. Rongai yangu ni nyingine. Iko magharibi mwa Nakuru, mwendo wa kama kilomita 30, mahali ambapo reli ya kwenda Eldoret inapita katikati ya mashamba ya mahindi. Huku hakuna nganya. Mashine inayoheshimiwa ni trekta. Kuanzia Januari, vumbi likiwa jingi kuliko maneno, trekta ndilo linaloamua nani atapanda mvua ya Machi ikianza na nani atabaki akiangalia mawingu ya jirani.

Mjomba wangu analo moja, Massey Ferguson 135, jekundu lililogeuka rangi ya matofali. Lina umri kunishinda. Pampu yake ya injekta imekufa mara mbili katika miaka mitatu, na mara zote mbili fundi aliyeifungua alitoa hukumu ile ile ambayo nimeisikia tangu nikiwa mtoto: "Dizeli ya siku hizi ni kavu." Dawa yake pia ni ile ile. Nenda dukani, nunua chupa ya kuchanganya na mafuta kwenye tangi. Dukani chupa ni nyingi, kila moja ina picha ya injini inayong'aa, na kila moja inaahidi kila kitu. Mjomba aliponiuliza tuchukue gani, nilitaka kwanza kujua kama fundi anasema kweli. Je, dizeli imekauka? Na kama imekauka, nani aliikausha, na lini?

Nikaanza kufuatilia. Nilitarajia hadithi ya kemia. Nilichopata ni hadithi ya kodi, ardhi na wizi, na kemia kidogo.

Pampu inayokunywa ilichobeba

Tuanze na mashine yenyewe. Rudolf Diesel aliomba hataza ya injini yake mwaka 1892, na ile ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilisimama Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Ilikuwa kubwa kama nyumba ndogo, na mafuta yalisukumwa ndani kwa hewa iliyoshindiliwa. Mtambo wa namna hiyo huwezi kuupakia kwenye trekta. Mambo yalibadilika mwaka 1927, kampuni ya Robert Bosch ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya chuma ya kusukuma dizeli kwa nguvu hadi kwenye nozo. Ndipo dizeli ikaweza kuingia kwenye malori, na baadaye shambani.

Pampu hiyo ya Bosch ilikuwa ya mstari: kila silinda ya injini ina planja yake, zote zimesimama safu moja kama wanafunzi kwenye paredi, na chini yake kuna shafti inayozunguka ndani ya oili ya injini. Shikilia hapo kwenye oili, tutairudia.

Pampu ya mstari ni ngumu kutengeneza na ni ghali. Mmarekani aitwaye Vernon Roosa alikuja na wazo la kupunguza vyuma: planja mbili tu zinazotazamana, ndani ya rota moja inayozunguka na kugawa dizeli kwa silinda zote, mmoja baada ya mwingine, kama mama anayepakua uji kwa kijiko kimoja. Pampu yake iliingia sokoni mwaka 1952. Muda si mrefu CAV ya London, kampuni iliyokuwa chini ya Lucas, ikachukua muundo huo na kutoa pampu yake ya DPA. Mafundi wetu huiita tu "CAV", na wakisema hivyo hakuna anayeuliza ni nini.

DPA ilikuwa ndogo, nyepesi na ya bei nafuu, na haikuhitaji oili. Kila kitu ndani yake, yaani rota, planja, vibamba vya kuvuta mafuta na vali ya kupima, huogelea kwenye dizeli. Mafuta yale yale yanayokwenda kuchomwa ndiyo yanayoilainisha na kuipoza njiani. Nafasi kati ya rota na chuma kinachoizunguka ni maikroni chache tu. Unywele wako mmoja una unene wa maikroni kama 70. Katika mwanya huo hakuna kinachotenganisha chuma na chuma isipokuwa utando wa dizeli.

Perkins wa Peterborough walizifunga pampu hizo kwenye injini zao ndogo, na Massey Ferguson wakazitia injini za Perkins kwenye matrekta yao. Mwaka 1964 ikatoka 135. Kwa hiyo trekta la mjomba lilizaliwa likiwa limeamini jambo moja: kwamba dizeli itakuwa na utelezi siku zote. Wahandisi wa miaka ile hawakuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo. Mafuta ya wakati huo yalikuwa machafu, yananuka na kutoa moshi, lakini yaliteleza.

Tangi la shamba na jerikeni

Matrekta hayakuja Rongai kwa ajili ya watu kama mjomba. Yalikuja kwa ajili ya walowezi. Eneo lote hili, kutoka Njoro hadi Solai, lilikuwa sehemu ya ile ardhi iliyotengewa Wazungu. Wakulima hao walijipanga mapema: chama chao, Kenya Farmers Association, kilianzishwa Nakuru mwaka 1923, na kufikia 1927 Njoro kulikuwa na kituo cha kuzalisha mbegu za ngano zinazostahimili kutu. Walikuwa na reli, walikuwa na mikopo, na watu waliolima kwa mikono yao hawakuwa wao.

Kuna kitu cha kuchekesha kuhusu matrekta ya zama zile. Mengi hayakuwa ya dizeli. Yaliwashwa kwa petroli, injini ikishapata joto dereva akageuza koki, na kazi iliyobaki ikafanywa kwa mafuta ya jamii ya mafuta taa. Hata Ferguson ndogo ya kijivu, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946, ilikuwa na toleo la namna hiyo. Sababu kubwa ilikuwa kodi: huko Uingereza petroli ilitozwa sana na mafuta hayo ya shamba yakaachwa nafuu. Yaani kutia mafuta taa kwenye trekta kulikuwa jambo halali kabisa, na injini ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Tangu mwanzo, kilichoingia kwenye tangi la mkulima kimeamuliwa na afisa wa kodi kama vile kilivyoamuliwa na mhandisi.

Uhuru ulipofika, ardhi ikaanza kubadilisha mikono. Serikali ilikuwa na mpango wake wa ekari milioni moja, na hapa Nakuru kampuni za kununua mashamba zilikusanya pesa za wanachama, wengi wao waliokuwa vibarua na maskwota, wakanunua shamba zima la mlowezi na kuligawana. Shamba la maelfu ya ekari likawa ploti za ekari tano, tatu, mbili. Matrekta yaliyobaki yakauzwa na kuuzwa tena.

Kugawanywa kwa ardhi kulibadilisha pia maisha ya pampu. Mlowezi alikuwa na tangi lake la mafuta lililosimama kwenye nguzo nyuma ya stoo. Mafuta yaliletwa kwa wingi, yakatulia, maji na uchafu vikazama chini, na mtu fulani alikuwa na kazi ya kufungua koki ya chini kila asubuhi. Mwenye ekari tatu hawezi kuwa na tangi hilo. Anakodisha trekta kwa ekari, siku moja kwa mwaka. Mwenye trekta naye amegeuka kuwa kama mwenye matatu: anazunguka kutoka shamba hadi shamba, dereva analipwa kwa ekari alizolima, na dizeli inanunuliwa kwa jerikeni, leo hapa, kesho pale. Pampu ni ile ile ya 1964, lakini njia ya mafuta kuifikia imekuwa ndefu, na kila kituo njiani kina mtu mwenye njaa.

Neno tulilolikopa Tanzania

Miundombinu mikubwa ilijengwa vizuri. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, na kikaacha kusafisha mwaka 2013. Bomba kutoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likaongezwa hadi magharibi mwa nchi likipitia Nakuru. Ukichukua dizeli pale inapotoka bombani, mara nyingi hutakuwa na la kulalamikia. Shida huanza ikishapakiwa kwenye lori.

Kwa miaka mingi serikali zetu ziliacha kodi ya mafuta taa ikiwa chini sana, kwa nia njema: ndiyo mafuta ya taa na ya stovu ya maskini. Dizeli nayo ilibeba kodi nyingi, pamoja na ushuru wa kutengeneza barabara. Sasa weka vitu viwili vinavyofanana kwa macho kwenye soko moja, kimoja kikiwa nafuu kwa sababu ya kodi tu, halafu uwaambie watu wasivichanganye. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaimaliza.

Watanzania ndio walioipa biashara hiyo jina linalostahili: kuchakachua. Lilikuwa neno la mafuta kwanza. Kufikia uchaguzi wao wa mwaka 2010 lilikuwa limehamia kwenye kura, na tangu hapo kila kitu kinaweza kuchakachuliwa, kuanzia cheti cha shule hadi mapenzi. Napenda neno hilo kwa sababu ndani yake unasikia kioevu kikitikiswa. Mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta taa ili tamaa iishe. Kenya ilifuata Septemba 2018 kwa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, na jina la ushuru huo halikuficha kitu: ni wa kuzuia uchanganyaji.

Ushuru ulifanya kazi. Matumizi ya mafuta taa yalishuka ghafla, jambo linalokuonyesha kwamba sehemu kubwa haikuwa ikiishia kwenye stovu. Lakini mama wa Kibera au wa Bondeni pale Nakuru, aliyekuwa akiyatumia kwa stovu kweli, alilipa faini ya kosa ambalo hakulifanya. Wengi walirudi kwenye makaa.

Mafuta taa yanafanya nini ndani ya CAV? Ni mepesi na hayana utelezi. Ule utando mwembamba kati ya rota na chuma unakuwa mwembamba zaidi, na pale joto linapopanda unakatika. Chuma kinagusana na chuma. Pampu haifi siku hiyo. Inachoka. Kwanza trekta linakataa kuwaka likiwa na moto, yaani asubuhi linawaka vizuri lakini ukilizima saa saba mchana halitaki tena mpaka lipoe. Halafu nguvu inapungua kwenye kilima. Halafu siku moja katikati ya shamba la mtu rota inakwama, na siku hiyo huwa ni siku ya mvua ya kwanza, kwa sababu ndiyo siku linapofanya kazi kuliko siku zote.

Na kuna barabara kuu. Salgaa, kituo cha malori, iko papo hapo kwetu. Kwa miaka mingi kando ya barabara hiyo dizeli imeuzwa kwa mitungi ya plastiki, bila risiti, kwa bei ambayo stesheni haiwezi kukupa. Mwenye akili hajiulizi imetoka wapi. Sisemi hivyo kwa kejeli. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka Sachangwan, upande wa Molo. Watu walikuja na ndoo na madebe kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Nikisikia mtu wa mjini akisema watu wa huku ni wajinga kwa kukimbilia mafuta yaliyomwagika, namkumbusha kwamba mafuta hayo yanapita mbele ya milango yetu usiku na mchana kwenda Kampala na Kigali, na sisi tunayasikia tu yakipita.

Salfa ilipoondoka

Sasa turudi kwa fundi na hukumu yake. Yeye hasemi mafuta yamechakachuliwa. Anasema dizeli yenyewe, hata ya stesheni nzuri, siku hizi ni kavu. Na ukweli ni kwamba kuna kitu kilibadilika.

Tarehe 1 Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kipya cha pamoja: dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa kila milioni. Kabla ya hapo, dizeli iliyosafishwa Changamwe ingeweza kuwa na salfa mara nyingi zaidi ya hiyo. Salfa ikichomwa hutoa gesi na masizi yanayoingia mapafuni, hivyo uamuzi ulikuwa mzuri, na wewe unayesoma hii ukiwa kwenye foleni ya Waiyaki Way unaupumua.

Lakini mchakato wa kuondoa salfa, unaotumia hidrojeni na joto kali, hauchagui. Unaondoa pia viambato vidogo vidogo vyenye oksijeni na nitrojeni, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikishikamana na chuma na kukilinda. Watu wengi hudhani salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha. Sivyo. Salfa iliondoka na wageni wake.

Walioligundua hili kwa uchungu ni Waswidi. Mwaka 1991 nchi yao ilianza kuipa nafuu ya kodi dizeli safi sana (kodi tena!), na baada ya muda mfupi pampu za magari yao zikaanza kufa, hasa zile za rota zinazolainishwa na mafuta yenyewe. Ndugu zake CAV. Zile za mstari, zenye oili yake chini, hazikuumia hivyo. Marekani nayo ilipopunguza salfa mwaka 1993, mipira ya zamani ya kuziba ilianza kuvujisha mafuta, kwa sababu mafuta mapya hayakuivimbisha kama ya zamani.

Dunia ikatafuta kipimo. Kilichopatikana ni rahisi hadi unashangaa: kipira cha chuma kinasuguliwa juu ya bamba la chuma ndani ya dizeli yenye joto la nyuzi 60, kwa dakika 75, kisha unaangalia kovu kwa darubini. Kwa kiwango cha Ulaya, kovu likizidi maikroni 460, mafuta hayo hayafai kuuzwa. Wamarekani wanaruhusu 520. Kampuni za mafuta zikaanza kutia kiasi kidogo sana cha dawa ya utelezi, mara nyingi asidi za mafuta ya miti au esta, kabla dizeli haijafika sokoni. Waswidi wakatulia.

Kwa hiyo fundi ana nusu ya ukweli. Dizeli iliyosafishwa kisasa ni kavu ikiwa tupu. Lakini dizeli iliyokidhi kiwango haiji tupu, imeshatiwa dawa yake kabla haijauzwa. Kilichonishangaza ni kwamba mambo mawili tofauti, sheria nzuri ya hewa safi na wizi wa mafuta taa, yanaacha alama inayofanana kwenye meza ya fundi. Rota iliyokwaruzwa haisemi nani aliikwaruza. Na kwa kuwa "dizeli ya siku hizi" haina sura wala jina, lawama zote zinaishia kwake, na aliyechanganya analala usingizi mnono. Muuza chupa naye hana sababu ya kututofautishia.

Basi chupa ipi?

Msomaji wa mjini unaweza kuruka sehemu hii, ila kama una mzee nyumbani mwenye trekta, mtumie.

Kwanza jua pampu yako. Kama ni ya mstari yenye oili yake, hofu ipungue, oili hiyo ndiyo ya kubadilisha kwa wakati. Kama ni ya rota, au kama trekta ni jipya lenye mfumo wa komoni reli, mafuta ndiyo kila kitu.

Pili, tafuta kazi moja kwenye chupa. Unachohitaji ni dawa ya utelezi, na nzuri itasema hivyo waziwazi na hata kutaja kipimo cha kovu nilichoeleza. Dawa ya kupandisha seteni husaidia dizeli kuwaka haraka lakini haimlindi rota. Ya kusafisha nozo husafisha nozo. Ya kuzuia dizeli kuganda ni ya watu wenye theluji, na Rongai haijawahi kuwa Norwei. Chupa inayodai kufanya yote hayo bila kusema ina nini ndani inauza picha ya injini.

Tatu, ogopa zile za "kuondoa maji" zenye spiriti. Spiriti huyabeba maji yakapita kwenye pampu, nayo yenyewe ni kavu kuliko mafuta taa. Maji yaondoe kwa mkono: huku kwetu mchana ni joto na usiku ni baridi, tangi lililo nusu hutoa jasho ndani kila usiku. Lijaze jioni, mwaga maji ya chini ya chujio asubuhi, badilisha chujio kabla ya msimu. Kazi hiyo ya koki ya chini iliyofanywa kwenye shamba la mlowezi bado ni dawa ya bei rahisi kuliko zote.

Nne, zile za kienyeji. Oili iliyotumika ya injini, hapana: imejaa masizi na vumbi la chuma, unaitia sandpepa. Oili ya pikipiki ya tuustroki ina wafuasi wengi na huenda ikaongeza utelezi kidogo, lakini haikutengenezwa kwa kazi hiyo na hakuna anayekuandikia kipimo. Mafuta ya kupikia moja kwa moja, hapana, ni mazito na hugeuka gundi. Lakini yakigeuzwa kuwa biodizeli halisi, asilimia 2 tu ndani ya tangi inatosha kurudisha utelezi.

Hapo historia inafanya mzunguko wa ajabu. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na wengi waliokuwapo hawakujua tofauti. Mwaka 1912 Diesel mwenyewe alisema mafuta ya mimea yanaweza siku moja kuwa na umuhimu kama ya petroli. Mwaka uliofuata alitoweka kwenye meli akivuka kwenda Uingereza. Miaka 34 baadaye Waingereza walipeleka matrekta Kongwa, Tanganyika, kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kupikia ya watu wa kwao. Udongo mgumu uliyatafuna majembe, matrekta yakafa kwa wingi, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Na huku kwetu, kwenye ua la kila shamba, umesimama mkinduri, ambao mbegu zake watu wa Nanyuki wamezikamua mafuta ya kuendeshea injini. Dawa ya pampu inaanguka chini kila mwaka na mbuzi wanaikanyaga.

Tano, na hii ndiyo ngumu: hakuna chupa inayogeuza mafuta taa kuwa dizeli. Dawa inaweza kuongeza utelezi wa mafuta mazuri. Kwa mafuta yaliyochakachuliwa sana inakupa matumaini tu. Chupa iliyo bora kuliko zote ni risiti ya stesheni inayoogopa jina lake.

Nani analipia kovu

Ninachokirudia kichwani si kemia. Ni jinsi gharama inavyotelemka. Uingereza mkulima huweka kwenye trekta dizeli iliyotiwa rangi nyekundu, yenye kodi nafuu, kwa kuwa halimalizi lami ya mtu. Trekta la Rongai linatoka shamba moja kwenda la pili kupitia njia ya ng'ombe, na kila lita linayokunywa inalipa ushuru wa barabara sawa na basi la Eldoret. Kodi hiyo ndiyo iliyofanya mafuta taa yawe na faida. Faida hiyo ikamfikia tajiri wa lori, kipande kikamfikia mwenye stesheni mbaya, kipande kidogo kabisa kikamfikia dereva wa trekta anayelipwa kwa ekari na ambaye naye, siku nyingine, huuza lita tano na kujazia alichopata. Kovu lenyewe likabaki kwa mwenye pampu. Naye, akitaka kujikinga, anaambiwa anunue chupa.

Kipimo kile cha kipira na bamba si cha wakulima. Mjomba anaweza kupeleka udongo wake upimwe na maziwa yake yapimwe, lakini hana mahali pa kupeleka nusu lita ya dizeli aliyonunua jana aambiwe ni nini. Afisa wa serikali akipita stesheni na kifaa chake hupima kwa niaba ya mtoza kodi. Hapimi kwa niaba ya rota.

Fundi mmoja wa pampu mjini Nakuru ana katoni chini ya meza yake, imejaa rota zilizokufa. Alinionyesha namna ya kuzisoma. Mistari mirefu iliyonyooka ni uchafu uliopita chujio. Madoa ya kahawia yenye vishimo ni maji. Sehemu iliyochubuka na kukwama, chuma kikiwa kimevutana na chuma, ni mafuta yasiyo na utelezi. Nilimuuliza zipi ni nyingi. Akaanza kuzipanga mezani kwa mafungu matatu, taratibu, na lile la tatu likazidi hadi akakosa nafasi, akahamishia nyingine kwenye kiti.